Kesi Iliyokwisha Bila Mama Kuambiwa

Kanisani kwetu Kiruruma kulikuwa na benchi moja la nyuma, karibu na mlango, ambalo hakuna aliyelikalia kwa kupenda. Lilikuwa la waliotengwa. Kama umezaa nje ya ndoa, umeongeza mke wa pili, au umeonekana ukitoka kwa mganga, nafasi yako ilikuwa pale. Wenzako wakisogea mbele kwa Chakula cha Bwana, wewe unabaki kutazama kuku wa jirani wakipekua nje. Wengine walikaa pale miezi, wakatubu, wakarudishwa kundini. Mama yangu alikaa tangu nikiwa kidato cha nne mpaka mwezi nilioolewa, hata watoto wa shule ya Jumapili wakadhani ni kiti chake, kama mchungaji alivyo na chake.

Kosa lake lilikuwa gongo. Nalisema mapema, sitaki mtu aje kunivizia nalo mbele ya safari.

Baba alifariki mara baada ya vita, miaka ile ambayo kipande cha sabuni ukikipata unakificha chini ya kitanda. Mama akabaki na mimi, mdogo wangu, kibanja cha migomba na mashina machache ya mibuni. Nikamaliza darasa la saba, shule ya serikali sikuchaguliwa, nikapata nafasi kwenye shule ya kulipia. Baba mdogo akamwambia mama, "Msichana huyo umwozeshe tu." Mama alitazama ndizi zake za pombe, akaenda kuazima pipa.

Rubisi, ile pombe ya ndizi, kila nyumba ilikamua. Bila rubisi kwetu huchumbii wala humalizi matanga, na hakuna aliyekamatwa kwa rubisi. Lakini ukiichemsha ile rubisi kwenye pipa, mvuke ukapita kwenye mrija uliolazwa ndani ya maji ya baridi, kinachodondoka upande wa pili ni gongo, na hapo serikali inakuwa na neno na wewe. Mama aliifanya kazi hiyo bondeni, penye chemchemi chini ya kibanja, na mimi nikasoma.

Wateja walikuwa ni watu wetu walewale. Mmoja alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, mzee wa kanisa, mtu wa suti Jumapili hadi Jumapili. Yeye alikuja na kikombe chake mwenyewe, cha bati la buluu, mpini wake umevunjika ukafungwa waya. "Mimi sinywi," alikuwa akisema, "hii ni dawa ya kifua." Mawe! Kifua gani kile kisichopona mwaka mzima?

Mgambo walikuja asubuhi moja, wakati umande haujakauka. Mzee wetu alikuwa amekwishafika kwa dawa yake. Alisikia majani ya migomba yakivunjika, akatimua mbio na suruali yake ya shamba, akakiacha kikombe juu ya jiwe. Mama hakukimbia. Aliniambia baadaye, "Ningekimbilia wapi, na pipa lina moto chini yake?" Wakamtwika pipa lenyewe kichwani kuwa kielelezo, akalibeba kwa miguu mpaka Kayanga, watu wametoka barabarani kumtazama. Mdogo wangu alimfuata nyuma akilia. Mimi nilikuwa shuleni, na mpaka leo naona afadhali, maana kwa hasira zangu ningemrukia mgambo na tungefungwa wote.

Mahakamani akaulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akaulizwa alikuwa na nani. Akasema alikuwa na moto na maji. Hakimu wa wakati ule akamwona ni mjane, ana watoto, na hajawahi kukanyaga pale, akamwachia kwa sharti kwamba kwa miezi kumi na miwili asitende kosa lolote. Akitenda, ataletwa tena, na kosa hili la zamani litaamka lihukumiwe pamoja na jipya. Asipotenda, yatakuwa yameisha. Mama akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu, safari hii bila pipa.

Jumapili ya pili yake kanisa nalo likamtenga. Nilikuwa nimefika likizo. Aliyesimama kusoma uamuzi wa baraza la wazee ni nani? Mwenye kikombe! Nyani haoni kundule. Nilitaka kusimama nimwage yote pale pale, lakini mama alinibana paja kwa vidole vyake vya jembe mpaka machozi yakanitoka, watu wakadhani ninalia kwa aibu.

"Kwa nini hukumtaja?" nilimuuliza tukirudi.

"Nikimtaja, ndiyo itakuwa mimi sikupika?"

Mwaka ule wa sharti mama aliuishi kama mtu aliyebeba mtungi umejaa. Gongo aliacha, hilo halina mjadala. Lakini aliacha na rubisi, ambayo hakukatazwa. Wanawake wakimwita kukamua ndizi za harusi, anasema mgongo unamuuma. Mbuzi wa mtu akiingia kwenye maharage yake, anamtoa kwa maneno ya upole, asije akamtupia jiwe ikawa kesi. Majirani walimcheka, wakamwita Mama Sharti. Ada yangu ya mwisho aliitafuta kwa kulima vibarua, na mikono yake haikurudi tena kuwa ile niliyoijua.

Mwaka ukaisha. Mama akafua gomesi yake, gauni lake refu la heshima, akainyoosha kwa pasi ya mkaa, akangoja kuitwa.

Hapa lazima nieleze, maana watu wa mjini hunicheka nikisimulia. Mama hakujua namna nyingine ya jambo kwisha. Kanisani mtu alitengwa mbele ya watu, na akirudishwa, anarudishwa mbele ya watu: anasimama, anaulizwa, anajibu, anapewa mkono. Basi na serikali aliona itakuwa hivyo hivyo. Ilimweka chini ya sharti mbele ya watu waliojaa, kwa hiyo itamwita imtoe mbele ya watu. Serikali haikumwita. Nikimwambia, "Mama, si yalishaisha?" ananijibu, "Nani kaniambia?"

Na wazee wa kanisa nao, kila suala lake likifika mezani, mwenye kikombe anakohoa na kusema, "Serikali imalize naye kwanza, ndipo sisi tuanze." Kwa hiyo mama anaingoja serikali, kanisa linamngoja mama, na serikali haina habari. Nilimaliza shule, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule moja kule Igurwa, mama bado yuko kwenye lile benchi. Kila nilipokuja nyumbani mwisho wa wiki nilikaa naye pale pale, ingawa mimi sikutengwa, na nilimkazia macho kila aliyegeuka kututazama.

Kisha nikapata mchumba, mwalimu mwenzangu, mtu mpole wa kushangaza. Tarehe ikapangwa. Usharikani kwetu bibi harusi hupelekwa mbele na mzazi wake, na mzazi ndiye anayeuchukua mkono wa binti na kuuweka kwenye mkono wa bwana harusi. Baba hayupo, kwa hiyo ni mama. Lakini aliyetengwa haruhusiwi kwenda mbele. Wazee wakanishauri kwa sauti ya huruma kwamba kazi hiyo angeweza kuifanya baba mdogo.

Baba mdogo! Aliyesema niozeshwe darasa la saba, ambaye hajawahi kuninunulia hata penseli! Nilirudi nyumbani mbio. Nikamwambia mama, "Basi naolewa bomani. Tunatia sahihi, tunakula, tunakwenda."

Mama aliweka chini ungo wa maharage. "Bomani? Nimekaa nyuma miaka yote hii nikimngoja Mungu, halafu mwanangu akaozwe na karani?"

Nikaenda kwa mchungaji. Alikuwa mgeni, ametoka upande wa Muleba, kijana ambaye kola yake bado ilikuwa inamsumbua shingo. Nilimwamkia, kisha nikamwaga yote, ila la kikombe nililimeza, kwa sababu mama alinikataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, kama wazee wanataka neno la serikali, basi sisi tuifuate serikali huko iliko."

Tukaenda Kayanga watatu, mchungaji akisukuma baiskeli yake kwa heshima ya mama, ambaye alikataa kupakiwa. Mama alivaa gomesi ile aliyoinyoosha kwa ajili ya siku hiyo tangu zamani, ikiwa imefifia mabegani. Karani wa mahakama alitusikiliza, akacheka, hakucheka kwa ubaya.

"Mama, kesi yako ilishakufa zamani. Muda ukipita bila kosa, inakufa yenyewe. Nenda nyumbani."

Mama Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, nikamtafsiria. Akafikiri. Akaniambia nimuulize, "Ilikufa, sawa. Aliizika nani?"

Karani akakuna kichwa. Mama akaenda kuketi barazani, akaweka miguu yake sawasawa, nikajua hapo haondoki mtu. Mchungaji alinitazama. Nikamwambia, "Usinitazame mimi. Huyu ndiye aliyebeba pipa mpaka hapa."

Hakimu alipotoka kwenda kunywa chai akatukuta. Hakuwa yule wa zamani. Huyu alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza, ana miwani mikubwa. Akamwamkia mama shikamoo, akauliza kuna nini, karani akamweleza. "Bibi," akasema kwa upole, "umekwishamaliza. Uko huru kabisa."

Mama akasema neno refu kwa Kinyambo. Mchungaji, aliyeelewa, akaanza kukohoa.

"Anasemaje?" hakimu akaniuliza.

Nilijaribu kulilainisha, nikashindwa. "Mheshimiwa, anasema siku ile alisimamishwa ndani, watu wamejaa mpaka madirishani. Leo unamwambia barazani kama unamuuzia nyanya?"

Hakimu alicheka mpaka akavua miwani. Nikaona tumeharibu. Akajifuta macho, akamwambia karani, "Nikimaliza chai, mwite ndani."

Chumba kilikuwa kimejaa watu waliokuja kwa kesi zao. Mchungaji alikosa nafasi, akajibana benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama akaitwa, akasimama pale aliposimama siku ile ya pipa, na mimi kando yake kutafsiri. Hakimu hakuwa anacheka tena.

"Uliambiwa hapa usitende kosa kwa miezi kumi na miwili. Ulirudia?"

"Sikurudia, waitu."

Nikatafsiri, na waitu nikaiweka "mheshimiwa."

"Na baada ya hapo?"

"Sijarudia mpaka leo."

"Basi ulitimiza sharti ulilopewa. Mahakama haina neno nawe. Nenda kwa amani, mama."

Kulikuwa na mtu kule mbele anashitakiwa kwa kuiba mbuzi. Alipiga makofi peke yake, askari akamzuia. Mama aliinama mara moja, akageuka, akatoka, na alipofika nje akaniomba nimrudie yale maneno ya mwisho kwa Kinyambo. Nikamrudia. Akasema, "Haina neno nami." Akalisema tena sokoni kwa muuza chumvi, ambaye hata hakumuuliza.

Njiani kurudi alikuwa anaimba. Alitutangulia, mama yangu, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba akiwa hai, na mimi nyuma nilikuwa nacheka na kulia kama mwehu. Tulipokaribia nyumbani mchungaji akasema, "Sasa Jumapili, mama, tunakurudisha. Nitakuuliza kama unajuta dhambi yako na kama umeiacha. Utajibu ndiyo, basi, tunapeana mikono."

Mama akaacha kuimba.

Jioni ile tulikaa jikoni tunamenya ndizi. Alimenya tatu nne, kisha akasema, "Nimeacha, hilo nitalisema hata mara mia. Lakini kujuta sijajuta."

"Mama, ni neno moja tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe nifunike sokoni. Kanisani Mungu si yumo ndani ya kombe?" Akaweka kisu chini, akanitazama. "Nikisema najuta, najuta nini? Ile gongo ndiyo daftari zako. Ndiyo viatu vyako. Ndiyo hiyo chaki unayoshika. Unataka nisimame mbele ya watu niseme najuta wewe kusoma?"

Nilijifanya moshi umeniingia machoni. Kumbe miaka yote ile nilidhani anaingoja serikali tu. Alikuwa pia analiogopa swali hili, na alilijua tangu mwanzo, maana kila aliyerudishwa alirudishwa mbele ya macho yake.

Kesho yake nikarudi kwa mchungaji, na safari hii sikuanza hata na salamu nzuri, Mungu anisamehe. "Baba Mchungaji, ukimtaka mama ajute, unamtaka anitapike."

Akaniomba nikae. Sikukaa. Akashika kitabu chake cha ibada, akakifungua penye kipande cha karatasi, akanionyesha. "Mwalimu, maneno haya sikuyatunga mimi."

"Na akijibu hapana?"

"Itabidi abaki alipo." Alilisema bila raha, nililiona hilo. Lakini alilisema. Nikaondoka nikijua kwamba Jumamosi ijayo baba mdogo atanishika mkono, na nilimchukia mapema kabisa.

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari za Kayanga zilikwishazunguka. Mama akaitwa kutoka lile benchi la nyuma. Akatembea katikati ya watu, taratibu, gomesi ikiburuza. Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama mstari, mwenye kikombe wa kwanza. Mchungaji alifungua kitabu penye kile kipande cha karatasi. Akasoma kidogo. Akafika mahali akanyamaza, na mimi nilijua ni mahali gani.

Watoto wakaanza kunong'ona. Mama amesimama, kidevu juu. Namjua mama yangu, alikuwa amekwishaandaa hapana yake. Mchungaji akamtazama, akakifunga kitabu, akaking'ang'ania kifuani.

"Mama," akasema, "ulirudia?"

Mama alishtuka, akamtazama vizuri, kama mtu anayehakikisha amemfahamu.

"Sikurudia, waitu."

"Na leo?"

"Sijarudia mpaka leo. Niliacha."

"Basi kanisa halina neno nawe," mchungaji akasema. "Karibu nyumbani."

Mzee mmoja akanong'ona kwamba swali limerukwa. Mchungaji hakugeuka. Mwenye kikombe ndiye aliyepaswa kutoa mkono wa kwanza, akautoa huku anatazama miguu ya mama. Mama akaupokea kwa mikono miwili.

Jumamosi akanipeleka mbele yeye mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, ulinikwaruza glovu ya bibi harusi, nikaivua nikaitia kwapani. Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye mkono wa mume wangu, akaushikilia hapo muda mrefu kuliko ilivyo desturi, mpaka mchungaji akatabasamu, watu wakapiga vigelegele.

Sherehe ilikuwa uani kwetu, chini ya turubai. Palikuwa na ndizi, nyama, chai, na rubisi aliyoikamua mama, ya kwanza tangu mwaka ule. Wazee wa kanisa waliketi pamoja, na mwenye kikombe alikuwa katikati yao, suti ileile. Nilimwona mama anaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kikombe cha bati la buluu, mpini umefungwa waya, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Hata mimi sikujua kwamba alikuwa nacho. Kumbe mdogo wangu alikiokota pale juu ya jiwe siku ile ya mgambo, na mama alikitunza miaka yote chini ya nguo zake, wakati mwenye kikombe anakohoa mezani kila mwaka akisema serikali imalize kwanza.

Nikasema, leo ndiyo leo, mwenye kusema atasema. Na kweli nilitaka aseme. Nilitaka akiinue juu, watu wakione.

Mama alikijaza chai ya maziwa, akatembea nacho mpaka kwa mzee, akapiga goti kama mwanamke wa kwetu anavyompa mgeni wa heshima. Mzee alikitambua. Nilimwona akikitambua, uso ulimshuka, mikono ikabaki hewani, na wazee wenzake wakawa wanaendelea na mazungumzo yao ya bei ya kahawa.

"Kunywa, waitu," mama akamwambia polepole, kwa sauti ambayo niliisikia kwa sababu tu nilikuwa nimesimama nyuma yake. "Sina neno nawe."

Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akainywa ile chai yote, ikiwa bado ya moto.